Fundi Randa Haji Tena Buchani

Benchi letu liko kati ya bucha na kinyozi. Lina miguu mitatu ya mbao, na wa nne ni matofali. Alilitengeneza Fundi Randa, seremala, ambaye kwa miaka kumi na miwili amekuwa akinunua mbavu kila Jumamosi kwa rafiki yake muuza nyama, ambaye naye tunamwita Bucha. Leo ni Jumamosi ya tatu hajanunua. Tukiwa na kahawa zetu mkononi, tumemwona akivuka barabara, akarudi na mchicha na maharage, akatupita haraka: "Nakuja, naweka hivi nyumbani!"

— Mbavu zake nimemtengea, alisema Bucha. Zile pale zinaning'inia. Jamani, nimemkosea nini?

— Hujamkosea, alisema kinyozi, tunayemwita Redio kwa sababu hazimiki. Ni meno. Juzi namnyoa, nikaona anatafuna upande mmoja.

— Ulikuwa unamnyoa au unamkagua kinywa?

— Basi si meno, ni macho. Seremala asipoona vizuri atakata kidole badala ya ubao. Mboga zinasaidia.

— Mwezi uliopita nilimkatia mfupa mwingi kidogo. Labda ni hilo.

— Wewe nisikilize mimi! Mtu akila majani tupu wiki tatu, mwili unakuwa mwepesi. Huyu anatafuta kazi za kuezeka. Atapanda paa bila ngazi.

— Bila ngazi?

— Anaruka!

Hata Bucha alicheka, ila kikombe chake alikuwa bado anakizungusha tu, hanywi.

Fundi Randa akarudi, akaketi. Nyuma yake akaja dada anayeuza mboga ng'ambo ya barabara. Hakuwa amewahi kufika benchini kwetu.

— Fundi, umesahau ndimu zako.

— Asante, dada. Kaa, unywe kahawa.

Bucha hakuweza kuvumilia tena.

— Ndugu yangu, kama ni ule mfupa, nisamehe.

— Mfupa gani? Ni shemeji yako, mke wangu! Vidole vya miguu vinamuuma, daktari kamkataza nyama. Mimi nikawa nakula mbavu mezani, yeye anakula maharage jikoni, eti asitamani. Sisi tumezoea sahani moja. Nikaona mbavu hazishuki, nikamfuata kwenye maharage.

— Na unayaweza? aliuliza Redio.

— Siku mbili nilinuna. Siku hizi naongezewa.

Bucha akashusha pumzi kama aliyetua gunia.

— Kumbe! Na mimi silali!

Yule dada alikuwa akipuliza kahawa yake. Akauliza taratibu:

— Na nyinyi wengine, wake zenu wanapenda kula nini?

— Wangu nyama, alisema Bucha.

— Alikwambia?

— Naipeleka kila siku, anaipika.

— Nimeuliza anachopenda.

Bucha akamtazama Redio. Redio akainamia kahawa yake.

Dada alimaliza kahawa, akashukuru, akarudi kwenye meza yake. Bucha akanawa mikono, akamfuata. Akasimama mbele ya mafungu ya mboga kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

— Nikufungie nini, kaka?

— Usifunge kwanza. Naenda kumuuliza.

Akaondoka na aproni yake vilevile, akatuachia bucha tuilinde.