Barakoa Nyeupe

Kwenye treni ya asubuhi, mzee anayechanganya mpira na masizi kiwanda cha matairi alikuwa akimpa pole dada wa kiwanda cha betri, ambaye hakuwa ameiomba. Dada alikuwa amemweleza tu kwamba wao hutumia mirija ya kaboni, midogo hata jicho haliioni, na kijiko cha unga wake hufanya kazi ya ndoo nzima ya masizi. "Ndiyo maana viwanda vinaigombania, mzee wangu. Hata chenu kitahamia huko."

"Masizi nayajua, mwanangu. Jioni napenga kamasi, naona nilichovuta. Hiyo yenu utaionaje?"

"Tuna barakoa." Akaitoa kwenye mkoba wa chakula. "Tazama, mwezi wa pili huu, bado nyeupe pe. Vumbi liko wapi?"

Mzee akaigeuza polepole kama anayenunua shati. Mimi niliyeketi mbele yao nami nikainama kutazama, nani angejizuia?

"Kamba zake hazijalegea hata kidogo," akasema. "Hii umewahi kuivaa?"

Dada akatazama dirishani. "Inabana. Na kule hakuna anayekohoa."

"Hata sisi, miaka ya mwanzo, hakuna aliyekohoa."

Treni ikasimama. Dada akashuka na barakoa mkononi, hajaivaa, wala hajairudisha mkobani.