Ukuta wa Octave

Benchi letu lipo Yeoville, huku kusini tulikohamia, karibu na soko, na birika la kahawa ni langu mimi, Kidawa wa Tanga, kwa hiyo nitasema nitakavyo. Asubuhi ile walikaa watatu. Octave, fundi cherehani wa Bukavu, tunamwita Sentimita kwa sababu ile futi ya kupimia haimtoki shingoni hata kanisani. Ruphin wa Lubumbashi analinda majumba ya matajiri Midrand. Huyo ni Jenerali. Na Burhani wa Dar, muuza chaja za simu, ni Profesa wa shule asiyoisoma. Shida ilikuwa ya Octave. Ana spika mbili za kusimama, ndefu kama watoto wa darasa la tatu, na sebule yenyewe ukinyoosha miguu unagusa jiko. Mchana ule mkewe, Denise, alikuwa anapokea akina mama wa maombi, na alishasema akizikuta sakafuni anamwita Karimu wa vitu chakavu aje azibebe. Basi mjadala ukawa: abaki na hizo, au aweke zile ndogo za kuzamisha ukutani?

— Ukutani! akasema Ruphin. Kule Midrand iko nyumba moja, ukiingia huoni spika hata moja. Muziki unatoka tu. Siku ya kwanza nilitoa salamu.

— Ulimsalimia nani? nikamuuliza.

— Ukuta, mama. Kofia nikavua.

— Hapo umechemka, Jenerali, akasema Burhani. Spika ni sanduku. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Sasa ukiondoa debe, mvumo utautoa wapi?

— Ukuta nao uko na nafasi ndani.

— Nafasi ya panya! Besi ikipigwa, panya wanahama, wanakuja kwangu. Halafu spika ya kusimama unaisogeza. Leo hapa, kesho pale. Ya ukutani ukikosea, ndiyo umeshaoa.

— Si wahenga wako walisema kuta zina masikio? Mwenye masikio akipewa na mdomo, ubaya uko wapi?

Burhani akanywa, akajifuta sharubu. Nikajua linakuja kubwa.

— Nyie hamjui. Ukuta unakunywa muziki. Piga rumba mwezi mzima, siku umeme ukikatika unaimba wenyewe.

— Eish, hiyo ni kweli! akadakia Ruphin. Tajiri wangu mmoja alizima redio Jumatatu. Ukuta ulinyamaza Alhamisi.

— Na ulikuwa unaimba nini siku zote hizo? nikauliza.

— Ulikuwa unarudia, mama. Kiitikio tu.

Mie nikacheka mpaka nikamwaga kahawa. Octave hakucheka. Kahawa yake ilikuwa imepoa, na nilipomtazama vizuri nikaona nywele zake nyeupe.

— Sentimita, mbona una unga kichwani? Siku hizi unaoka mikate?

— Mama Kidawa, akasema polepole, nimeshatoboa.

— Umetoboa nini?

— Ukuta. Si Ruphin alinipa zile ndogo, tajiri wake alikuwa anazitupa? Nikapima muzuri. Nikachora duara na chaki yangu. Halafu nikaongeza sentimita mbili za mshono.

— Mshono! Burhani akaruka. Mshono wa ukuta?

— Mkono ulijiongezea wenyewe. Miaka ishirini unajua nguo tu. Tena ule ukuta wa jipsamu ni wa mbao mbili nyembamba, kati uwazi, nikazikata pamoja, mbele na nyuma, kama kitambaa umekikunja. Nikaitia spika ikiwa inaimba, nijaribu. Ikaimba kidogo, ikapita. Ikaenda.

— Ikaenda wapi?

— Upande wa pili. Chumba cha jirani yangu Hénock. Alihama mwezi jana, kumefungwa.

Hapo hata mpita njia mmoja alisimama kutazama tunavyocheka. Ruphin alijipiga mapaja. Octave akatungoja tumalize.

— Mucheke tu. Lakini watoto wangu nikiwaongelesha Kiswahili, bananijibu Kiingereza. Denise anarudi amechoka, anaomba, analala. Ndani ya ile nyumba, zile spika tu ndizo zinaniongelesha lugha ya kwetu. Karimu akizibeba, na ndogo imepotea, miye nitakuwa mgeni kwangu. Naogopa, vraiment, kweli kabisa.

Mie niliona haya kwa kicheko changu, nikaimwaga kahawa yake ya baridi nikamtilia ya moto. Burhani akamshika bega.

— Usijali, kaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Wewe ufa huna, una dirisha.

Ndipo akaja mwanamke mwenye baibui, mgeni machoni petu. Alikuwa amepakata spika ya duara, waya unaning'inia.

— Shikamoo mama. Mie Mayasa, natoka Unguja. Nimehamia jana jengo lile, chumba cha nyuma, kile kilichokuwa kimefungwa. Jamani, hii ya nani?

Ruphin akachungulia kikombe chake. Burhani akaanza kukagua chaja. Octave akainuka.

— Mama, ilikuumiza?

— Haijaniumiza. Ilitokeza ukutani ikiimba, ikaangukia godoro, waya ukang'oka, ikanyamaza. Nami nimekuja na begi moja, hata redio sina. Nilikuwa nshaanza kucheza.

— Ulikuwa unacheza?

— Kwani muziki wa nini? Nauliza tu, nirudi nikafagie vumbi. Mkiirudisha ukutani, itatazama kwenu au kwangu?

Octave akamsogezea nafasi kwenye benchi, na tangu nimjue sijawahi kumwona na furaha ile.