Kitambaa cha Kaka

Kabula alipanda basi la kutoka Nzega kwenda Tabora akiwa amepakata kitambaa cha kufuma, zawadi ya kufunikia kompyuta mpya ya gemu ya kaka yake.

Kwenye kiti cha mbele yake, mama mmoja alikuwa akimlalamikia fundi wa kompyuta aliyeketi naye. "Kompyuta ya mwanangu ni ndogo kama debe, lakini inanguruma kama mashine ya kukoboa. Nikaifunika kitambaa."

"Mama, umeiziba pua! Feni inalia kwa joto, utaiunguza. Weka feni kubwa."

"Haienei humo."

"Basi badilisha kasha la kompyuta, weka kubwa."

"Na vumbi utakuja kufuta wewe?"

Basi liliposimama walikuwa bado wanabishana. Kabula aliona haya kuwakatiza, akawashukuru kimoyomoyo. Kitambaa kitapendeza kwenye kiti cha kaka, si juu ya kompyuta.