Ufunguo wa Stoo ya Ngoma

Ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na nane ya mwezi wa sita, mwaka elfu mbili ishirini na tano. Kwa hesabu ya msikiti wetu, ishirini na mbili Mfunguo Tatu. Saa yangu ya mkono ilionyesha saa tisa na robo, lakini saa hiyo hukimbia dakika tatu, nami hulijua hilo kwa kuilinganisha na redio kila Ijumaa. Kwa hiyo naandika saa tisa na dakika kumi na mbili, baada ya sala ya alasiri, jua likiwa limeshavuka ukingo wa bati la Bi Awa muuza kahawa na kuanza kutuchoma magoti. Hapo ndipo Mwanahamisi alipofika kwenye kona yetu hapa Palma, akauweka ufunguo wa stoo ya ngoma juu ya meza ya kahawa, katikati ya vikombe, akasema, "Mpeni mwenye cheo chake," akaenda zake.

Benchi letu ni ubao mmoja juu ya matofali, na lina watu wake. Yupo Cassimo, tunayemwita Presidente kwa sababu ndiye mkuu wa Nuru, kikundi chetu cha ngoma ya tufo. Yupo Anuar, jina la kijiweni Artigo, yaani kifungu kwa Kireno cha serikali, aliyehifadhi vifungu vyote vya katiba ya kikundi pamoja na vingine ambavyo havimo. Yupo Sadique, yaani Rádio, na huyo hahitaji maelezo. Mimi Suleimane wananiita Mzee Daftari, kwa kuwa nilijifunza kusoma nikiwa na miaka sitini na mmoja, na tangu siku hiyo daftari halijaniachia mkono. Bi Awa ni mwenye birika. Katika Nuru wanawake huimba na kucheza, sisi wanaume tunapiga ngoma nne za ngozi ya mbuzi, ambazo hazitoi sauti mpaka zipashwe moto. Kuzipasha ilikuwa kazi ya Mwanahamisi kwa miaka ishirini, pamoja na kufungua stoo, kushona ngozi zilizochanika na kuwagongea watu milango siku za mazoezi. Zilikuwa zimebaki siku saba tucheze mbele ya wilaya nzima, siku ya uhuru.

Rádio alianza, kama kawaida yake.

RÁDIO: Mmeona? Kauweka kama mke anayerudisha mahari!

PRESIDENTE: Uchukueni huo ufunguo kabla haujamwagikiwa na kahawa.

RÁDIO: Chukua wewe. Si ndiwe mkubwa?

PRESIDENTE: Epá! Umeona wapi presidente anashika funguo? Nikishika ufunguo kesho mtanipa ufagio.

ARTIGO: Artigo ya saba, mstari wa pili. Mali ya kikundi itashikwa na mwenye dhamana.

PRESIDENTE: Na mwenye dhamana ni nani?

ARTIGO: Hapo artigo imenyamaza.

BI AWA: Basi uondoeni mezani kwangu. Hii meza ya kahawa, si stoo.

Hakuna aliyenyoosha mkono. Lazima nieleze kwa nini.

Mwezi wa nne alitujia kijana mmoja kutoka Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa, jina lake Octávio, kuvifundisha vikundi vidogo namna ya kuishi na watu wanaofanya kazi kwa kujitolea. Alituambia kwamba mtu asiyelipwa anastahili kuijua kazi yake, na kazi hiyo iandikwe. Ni maneno mazuri, na hayana kosa. Kosa tulilifanya sisi alipokwisha kuondoka. Tuliona kumwandikia mtu kazi bila cheo ni kumvunjia heshima, basi kila aliyehudhuria mkutano akapewa cheo: mkuu wa nidhamu, mkuu wa habari, mkuu wa itifaki, mkuu wa viti, naibu mkuu wa viti. Vikatimia vyeo kumi na tisa. Viti hatuna hata kimoja. Orodha niliiandika mimi.

RÁDIO: Mimi najua kilichotokea. Kikundi cha Quiterajo kimemchukua. Wamemwahidi vitenge sita na mwavuli.

ARTIGO: Mwavuli wa nini?

RÁDIO: Akipasha ngoma jua lisimpige. Wenzetu wana mipango, bwana.

PRESIDENTE: Nani kakwambia?

RÁDIO: Yule fundi wa simu. Kamtengenezea shemeji wa Mwanahamisi spika, akasikia.

ARTIGO: Acha hizo. Quiterajo hawana pesa ya mwavuli. Huyu anaolewa Diaca. Mwanamke akirudisha ufunguo, jua kuna nyumba nyingine inamngoja.

BI AWA: Anaolewa na mume wake yupo? Leo asubuhi nimemuuzia maandazi manne.

ARTIGO: Basi huyo mume ndiye anayemhamisha.

BI AWA: Kwa maandazi manne?

PRESIDENTE: Nyinyi mnacheza. Hii ni siasa. Siku saba kabla ya sherehe mtu anarudisha ufunguo! Hayo ni mapinduzi, jamani, mimi nayanusa.

RÁDIO: Wakupindue wewe? Wachukue nini?

PRESIDENTE: Kiti.

RÁDIO: Viti si hatuna?

ARTIGO: Presidente ana hoja. Mimi nasema Mwanahamisi kikundi chake anacho tayari. Yeye presidente, yeye katibu, yeye mwanachama. Mkutano anaufanya akiwa anapika. Akipiga kura anapata zote.

BI AWA: Na mambo yao yanakwenda kuliko yenu.

RÁDIO: Sikieni, sikieni! Hamjui kitu. Ni ile mitambo ya gesi inayojengwa jirani! Wamesikia kuna mama hapa anaujua moto kwa kiganja, bila kipimo. Wanamtaka awe anapita kwenye mabomba, anagusa: hili limepoa, hili bado, hili liondoeni. Vipimo wanavyo, lakini vipimo havina mikono!

PRESIDENTE: Hapo sasa... watamlipa vizuri.

ARTIGO: Na kofia ngumu atapewa.

Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilimwona Mwanahamisi katika kofia hiyo, akiwakemea wahandisi. Ilimkaa vizuri.

PRESIDENTE: Sikilizeni. Dawa yake ni cheo. Tumpe cheo, arudi. Kipi kimebaki? Mzee Daftari, tusomee.

Nilifungua daftari nikasoma majina kumi na tisa na vyeo kumi na tisa.

PRESIDENTE: Tumwite Mkuu wa Moto.

RÁDIO: Watu watadhani ni zimamoto.

ARTIGO: Tena haiwezekani. Artigo ya kumi na moja: cheo kipya hutolewa na mkutano wa wote.

PRESIDENTE: Basi tuitishe mkutano kesho.

ARTIGO: Wa kupita kugonga milango nani?

Presidente akakohoa, kisha akanigeukia mimi.

PRESIDENTE: Lakini wewe mzee, ndiye uliyeandika. Ilikuwaje jina la Mwanahamisi lisiwemo?

MIMI: Hakuwemo mkutanoni.

BI AWA: Alikuwa wapi?

MIMI: Uani. Alikuwa anatupikia.

BI AWA: Na wali mlikula?

MIMI: Tulikula.

Bi Awa alivifuta vikombe viwili ambavyo vilikuwa safi tayari.

Nililojibu lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli yote, na kwa kuwa nimeshika kalamu sina budi kulimaliza. Jina la kumi na tisa liliangukia mstari wa mwisho wa ukurasa. Hapakuwa na neno lililofutwa wala tone la wino lililokwenda pembeni. Sijawahi kuandika ukurasa mzuri kama ule. Nilikuwa nasikia mwiko ukigonga sufuria nyuma ya ukuta wa makuti, na jina la Mwanahamisi lilinijia wazi kabisa. Nikafikiri kwamba kuanza ukurasa mwingine kwa ajili ya jina moja, au kulibana pembeni, kungeharibu kazi. Mimi, niliyeishi miaka sitini na mmoja nikichovya dole gumba katika wino huku wengine wakiliandika jina langu wapendavyo, nilifunga daftari.

Kwa hiyo wenzangu walipokuwa wakimpeleka mama wa watu Quiterajo na Diaca na kwenye mabomba, mimi peke yangu nilijua kwamba amekwenda nyumbani kwake tu, na nani aliyempeleka. Nilikuwa najitahidi kupata namna ya kulisema hilo pale alipotokea Dona Luísa.

Dona Luísa ni mtumishi wa serikali, mwenyeji wa Inhambane kule kusini, anashughulika na mambo ya utamaduni. Alikuwa na miezi mitatu tu hapa, na Kiswahili chake kilikwenda kama mtu anayeruka madimbwi: neno, kituo, neno. Aliomba kahawa, akafungua faili lake magotini.

LUÍSA: Boa tarde, wazee. Mimi naandika programa ya sherehe. Kila kikundi na saa yake.

PRESIDENTE: Karibu sana, Dona. Umefika kwa wenyewe. Mimi ni presidente, huyu ni mkuu wa nidhamu, huyu mkuu wa habari, mzee wetu ni mwandishi mkuu.

LUÍSA: Muito bem! Basi nyinyi mnajua. Ngoma zenu zinataka moto kwanza, sivyo?

ARTIGO: Sana, sana.

LUÍSA: Nataka kuandika moto wenu uwashwe saa ngapi. Ngoma zinakaa motoni dakika ngapi?

Kalamu yake ilikuwa juu ya karatasi, inangoja.

Presidente alimtazama Artigo. Artigo alianza kutafuta kifungu kwa vidole.

PRESIDENTE: Mpaka... mpaka zilie, Dona.

LUÍSA: Sim. Na zinalia baada ya dakika ngapi?

Miaka ishirini tumepokea ngoma zikiwa moto mikononi mwetu, kama mtu anavyopokea sahani mezani. Sote wanne tuliutazama ufunguo. Bi Awa aliliinua birika juu ya kikombe cha mgeni, yakatoka matone mawili na masimbi ya chini ya birika.

BI AWA: Kahawa imekwisha.

Nikauchukua ufunguo mimi.

Nilimkuta Mwanahamisi uani kwake, anamenya muhogo. Alinitolea kigoda, akaendelea na kisu chake.

— Baba umekuja kama mkuu wa nini?

— Kama mtu aliyeliacha jina lako nje kwa kuogopa kuchafua karatasi, nikamwambia.

Alimaliza muhogo ule, akachukua mwingine.

— Nilikuwa nasikia, baba. Ukuta wa makuti hupitisha sauti pande zote. Nilikuwa napakua huku nahesabu majina. La kumi na tisa likasomwa. Nikasema, la ishirini ndilo langu. Nikasikia daftari linafungwa.

— Naam. Nililifunga.

— Mwaka ule tulipokimbia vita, niliacha sufuria zangu zote nikabeba ngoma mbili mgongoni mpaka kijiji cha Mute. Sikumuuliza mtu ni kazi ya nani. Sasa mmeandika kazi za watu wote, yangu haimo. Nikasema, labda kweli si yangu. Nikawarudishia.

— Presidente anataka kukupa cheo.

Hapo alicheka, mpaka muhogo ukamtoka mkononi.

— Cheo nikiweke wapi, baba? Mkitaka kunipa kitu, nipeni mikono. Ngoma ikishapata moto haiwekwi chini. Chini kuna ubaridi, inalegea. Ngoma ni nne, mimi nina mikono miwili. Miaka yote nazishikilia kwa magoti. Nataka watu wa kupokea.

— Tutapokea. Lakini yule mama wa serikali anauliza ni dakika ngapi.

— Njoo na saa yako, akasema. Utahesabu mwenyewe.

Nikampa ufunguo, akaufunga katika pindo la kanga.

Tangu hapo yamesemwa mengi, na yaliyo mengi si sahihi. Rádio anasimulia kwamba ilikuwa Alhamisi, na kwamba ufunguo ulitupwa ukavunja kikombe. Ilikuwa Jumatano, uliwekwa taratibu, na vikombe vya Bi Awa viko vyote sita. Dona Luísa aliandika kwamba alitukuta saa tatu, kwa hesabu ya Kireno, yaani saa tisa zetu, na vijana sasa wanasema mambo yalitokea saa tatu asubuhi. Saa tatu asubuhi benchi lilikuwa tupu, sote tulikuwa mashambani. Artigo anadai Mwanahamisi alipewa cheo cha ishirini kwa mujibu wa artigo ya kumi na moja. Hakupewa. Jina lake nimeliandika pembeni mwa ukurasa ule ule, kwa wima, kwa sababu nafasi haikuwepo. Herufi zimepinda, na kidole changu kimeacha doa la kahawa. Cheo hakuna.

Na Presidente amewaambia watu wa wilayani kwamba ngoma za Nuru hukaa motoni dakika thelathini. Tarehe ishirini na tano nilikuwapo, nimechutama kando ya moto wa Mwanahamisi, saa mkononi. Presidente alikuwa upande wa kulia na Artigo wa kushoto, kila mmoja amekumbatia ngoma ya moto kifuani kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, wanaogopa hata kupiga chafya. Ngoma ndogo zilichukua dakika kumi na moja, kubwa kumi na tisa. Ngozi ya dakika thelathini hupasuka.