Losaline Moala, Aliyeita "Njoo Ule" Hadi Mkono Ukachoka

Familia za Moala na Fekitoa zinawashukuru nyote mliofika hapa Mount Druitt, Sydney, mikeka ya msiba mmejifunga viunoni kwa desturi yetu tangu alfajiri na macho mekundu kwa mkesha. Tumechoka. Marehemu naye alichoka, na wasifu huu hautalificha hilo, maana yeye mwenyewe hakulificha.

Losaline Fekitoa Moala alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951 katika kijiji cha Leimatu'a, kisiwani Vava'u, Tonga, akiwa binti wa kwanza wa Mzee Inoke Fekitoa na Bi. Seini. Kijijini kwao mtu hapiti mbele ya nyumba ya walio mezani bila kuitwa, "Njoo ule," hata kama chunguni umebaki ukoko. Aliyeitwa hushukuru akaenda zake, lakini ole wake asiyeita. Kazi ya kuita alipewa Losaline tangu mdogo, kwa kuwa sauti yake ilivuka barabara bila shida.

Alianza shule ya msingi kijijini mwaka 1957, kisha akasoma na wasichana wenzake katika shule ya kanisa mjini Neiafu hadi 1968. Alipenda kuimba na kusoma Biblia. Hesabu alizivumilia.

Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na Siaosi Moala, mwimba besi wa kwaya, mtu mpole asiyejua hata kuchemsha maji. Jumapili ya kwanza ukweni, bibi harusi alipewa kazi ya kupika lū, vile vifurushi vyetu vya majani ya magimbi vyenye nyama ya chumvi na tui la nazi. Wageni waliwahi, naye kwa kubabaika akafukua tanuri la ardhini kabla ya wakati. Majani ya magimbi hayana huruma: yasipoiva sawasawa, koo huwasha kama lililoingiwa na upupu. Mchungaji alikula vifurushi viwili kwa adabu zake, na ibada ya jioni akaiendesha kwa kunong'ona. Wakwe walilicheka jambo hilo miaka na miaka. Hakuna hata mmoja aliyemwambia majani yakae motoni muda gani.

Mwaka 1979 wakahamia Sydney na watoto wao Pesi na Maka. Kuanzia 1981 hadi alipostaafu mwaka 2011, marehemu alikuwa mpishi katika nyumba ya kutunzia wazee, akichemsha kabichi isiyo na chumvi kwa amri ya wakubwa. Alisema Mungu atamuuliza kuhusu kabichi ile. Mumewe alitangulia mbele ya haki mwaka 2009.

Mwaka 2014 mjukuu wake Lolohea, aliyechoshwa na simu ya bibi kulia kila saa, jamaa wa Auckland na Utah wakiuliza mapishi, alimfungulia kundi mtandaoni. Wakaliita Jiko la Nyuma. Wengi walioingia walikuwa wamezaliwa ugenini, jina la Kitonga wanalo, mkono wa Kitonga hawana. Kila mgeni alipobisha hodi, Losaline alimwandikia mwenyewe: "Njoo ule. Unaitwa nani, na leo umepika nini?" Lolohea alimshauri mashine iwe inajibu salamu hizo. "Na mashine ikishaita," bibi akamuuliza, "nani atapakua?"

Kwetu shangazi ni mkubwa wa ukoo, hukaa mbele na hupewa fungu la kwanza. Huko mtandaoni wote walimwita Shangazi Losa, ila fungu alilopewa lilikuwa maswali. Mwaka 2019 figo zikamshinda, akawa anakwenda kusafishwa damu mara tatu kwa juma. Mkono mmoja ulikuwa na mipira ya mashine, wa pili ukiwajibu wanaouliza kama tui la kopo linafaa. Siku nyingine aliitupa simu kitandani na kusema, "Hivi hawa watu hawana mama zao?" Kisha aliiokota akajibu, kwa sababu wengi kweli hawakuwa nao.

Machi 2024 alikata shauri kulifunga Jiko la Nyuma. Alikuwa amewasihi wanachama mmoja mmoja wamshikie mlango, na kila mmoja alikuwa na udhuru. Wa kuonyesha chungu chake walikuwa tele. Wa kumkaribisha mtu hakuonekana.

Juma hilohilo akaingia Kelepi Taufa, fundi umeme wa Wagga Wagga. Mama yake alikuwa amefariki, na baba yake alikuwa hali chakula. Kelepi alipika majani ya magimbi kama mtu anayepika mchicha, akampakulia mzee, na mzee akashinda akinywa maziwa kutuliza koo. Kijana wa watu akatuma picha na kuuliza amekosea wapi. Wanachama wakamdaka. "Huyu mzungu aliyeungua jua katoka wapi?" aliandika mmoja. Mwingine akampongeza kwa kumnyamazisha baba yake bila ugomvi. Kelepi akaomba radhi, akaaga.

Losaline alikuwa kwenye mashine. Akaandika kwa mkono wake mmoja: "Kaa hapohapo, mwanangu. Njoo ule. Mimi nilimwasha koo mchungaji mwaka 1975, na walionicheka hawakunifundisha. Sasa ninyi mnaocheka, kila mmoja aseme aliyemwasha yeye, au atoke jikoni kwangu."

Wakaanza mmoja mmoja. Mmoja alimwasha mama mkwe, mwingine timu nzima ya raga. Walipomaliza, Losaline akamweleza Kelepi kwamba majani yanataka saa mbili na zaidi, na asidanganywe na harufu, kwani harufu huiva kabla ya chakula.

Kundi hakulifunga. Kelepi alipika kila Jumamosi, na mzee wake akarudi mezani. Mei mwaka huu wa 2025 marehemu aliposema mashine imetosha, Kelepi aliendesha gari kutoka Wagga na lū iliyofungwa kwa taulo. Marehemu alikula kidogo, nasi tukawa tunamtazama koo. "Imeiva," akasema. "Ila chumvi bado unaiogopa."

Tarehe 10 Juni binti mmoja wa Perth alibisha hodi Jiko la Nyuma, hajui hata kukuna nazi. Lolohea alimsomea bibi yake. Losaline alijaribu kuinua mkono, ukakataa, na uchungu ulionekana usoni mwake zaidi kuliko siku zote za ugonjwa. Kabla mjukuu hajaandika neno, jibu likatokea: "Njoo ule. Unaitwa nani, na leo umepika nini?"

Aliomba asomewe tena.

"Nani kaandika?"

"Kelepi, bibi."

"Basi niondolee hii simu."

Alifariki Jumatano asubuhi, tarehe 11 Juni 2025, akiwa na umri wa miaka 73.

Ameacha watoto wawili, Pesi na Maka. Mjukuu wake Lolohea na wadogo zake. Mdogo wake Bi. Meliame, aliyetoka Vava'u kumzika. Na Kelepi Taufa, ambaye hamtamwona makaburini kwa kuwa yuko nyuma ya ukumbi na tanuri. Msimharakishe. Litafukuliwa likiiva.

Tukishamzika, asipite mtu. Njooni mle. Nawe mama, mlango umepata mwenyewe. Upumzishe mkono wako kwa amani.