Joash Mokua Machogu, Mchoraji wa Chumba cha Gemu, Nyamira (1980–2025)

Ndugu yetu Joash Mokua alizaliwa tarehe 14 Machi 1980 huko Sironga, kifungua mimba wa marehemu mzee Eliakim Machogu na mama yetu Mong'ina, ambaye ameketi hapa mbele.

Alisoma shule ya msingi kijijini na kumaliza kidato cha nne mwaka wa 1998. Mama, ambaye hakupata nafasi ya kuingia darasani, alitaka awe mwalimu. Joash alipenda mambo mawili: kuchora, na kuifungua redio ya baba kila baba alipoenda kuchuma majani chai. Alijifunza ufundi wa redio na runinga mjini Kisii, kisha akafanya kazi hiyo sokoni Nyakoe. Mwaka wa 2006 alifunga ndoa kanisani na Ruth Nyamoita. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lavender na Anyona.

Mwaka wa 2009 alifungua chumba cha gemu mjini Nyamira. Vijana walijaa humo kucheza mpira kwenye runinga. Halafu mwaka wa 2012 akaagiza kutoka Nairobi ubao wa plastiki wenye kalamu yake, unaounganishwa na mashine ya gemu. Ukichora juu yake, mchoro unatokea kwenye runinga. Aliamini kwamba wasichana nao wangekuja, na watoto wasiopenda mpira. Akatenga kila Jumapili, siku nzima, kwa kuchora.

Ochoki, mmoja wa vijana wa mpira, ambaye leo amebeba jeneza, ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika. "Aki Joash, turudishie mpira! Nani amelipa hapa achore kuku?"

"Chora huyo kuku kwanza, nione," Joash akamjibu.

Ochoki akachora kitu ambacho hakuna aliyekitambua, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Tusifiche: ule ubao haukufaulu. Kalamu ilichelewa kufuata mkono, michezo yake ilikuwa michache, na muda si muda waliokuwa wakiutengeneza wakaacha. Wasichana walikuja Jumapili chache, kisha wakapotea. Joash aliumia kuliko alivyoonyesha. Aliupeleka ubao nyumbani, akawa anawachorea watoto wake ng'ombe na matrekta.

Mwaka wa 2023 sauti yake ilianza kukwaruza. Madaktari wakagundua saratani ya koo. Upasuaji wa Februari 2024 ulimwongezea siku, lakini ulimwondolea sauti. Sisi alituandikia kwa simu. Mama hasomi, na macho yake hayaoni tena mchoro mdogo wa karatasini. Ruth ndiye aliyeukumbuka ubao. Mama akavuta kiti karibu na runinga, na maongezi yao yakaanza upya. Joash akichora sufuria, mama anajua anataka uji. Siku moja alichora mwanamke mwenye masikio makubwa mno.

"Huyu ni mimi?" mama akauliza. "Ugonjwa ama hakuna ugonjwa, nitakuchapa!"

Mwezi wa Julai mwaka huu tulipanga kumrudisha hospitali. Joash akachora gari, akalikata kwa mistari.

"Hapana. Utaenda," mama akasema.

Akachora tena: nyumba yake, migomba, kitanda, na mama ameketi kando yake. Mama aliitazama picha hiyo.

"Unataka kukaa na mimi?"

Joash akaitikia kwa kichwa.

"Sawa, omwana one," mama akasema, huku akijipangusa macho kwa leso. Mwana wangu. Kisha akatugeukia, akatuambia tusilete gari.

Joash alituaga nyumbani kwake Sironga asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Septemba 2025, mama akiwa amemshika mkono.

Amewaacha mama yake Mong'ina, mke wake Ruth, watoto wake Lavender na Anyona, mimi dada yake Bochaberi niliyeandika haya, na marafiki wengi wa Nyamira na Nyakoe. Bwana amtunze usingizini hadi asubuhi ya ufufuo.