Paka, Fundi wa Mapaa Aliyetufundisha Kushuka

Ndugu, jamaa na marafiki, marehemu kaka yetu, ambaye mafundi wenzake walimwita Paka kwa jinsi alivyotembea juu ya mapaa bila kumwamsha mwenye nyumba, alizaliwa tarehe 14 Machi 1956, mtoto wa pili kati ya wanne wa baba seremala na mama mkunga. Mama alikuwa akisimulia kuwa mtoto huyu alipanda kabati kabla hajajua kutembea vizuri, na alipofika juu akaangua kilio. Si kwamba aliogopa kimo. Hakuijua njia ya kurudi. Somo hilo hakulisahau maisha yake yote.

Alianza shule ya msingi mwaka 1963. Historia aliipenda, lakini tarehe za wafalme zilimpiga chenga. Kwenye mtihani mmoja waliambiwa wachore ngome ya kale na kueleza ilivyoangushwa. Kaka aliichora vizuri sana, akaeleza kuwa paa halikuwa na mteremko, mvua ikalowesha kuta, ngome ikajiangukia yenyewe. Mwalimu alimpa sifuri, kisha Jumamosi akamwita nyumbani kwake amwangalizie paa linalovuja. Baadaye alijiunga na chuo cha ufundi, akahitimu uezekaji mwaka 1975.

Kwa miaka zaidi ya thelathini aliezeka shule, zahanati, maghala na nyumba za watu, wakiwemo baadhi yenu mlioketi hapa. Alikuwa mkali, tusidanganyane. Fundi aliyeruka kutoka kwenye ngazi, hata kama ni vipago viwili vya mwisho, alirudishwa juu akashuke upya, uso ukitazama ngazi, mguu baada ya mguu. "Kupanda hata mwizi anapanda," alikuwa akisema. "Kushuka ndiko ufundi." Walimnung'unikia, lakini katika kazi zote alizosimamia hakuna fundi aliyeanguka.

Tarehe 11 Agosti 1984 alifunga ndoa na wifi yangu, fundi cherehani, mwanamke asiyeogopa mtu wala mdomo wa mtu, ila anaogopa kimo. Hata kupanda kigoda atundike pazia hawezi. Basi yeye akawa anashona, kaka anatundika, na ndoa ikanoga. Walijaliwa watoto watatu. Jambo moja tu lilimkaa kaka moyoni: mkewe hakuwahi kupanda hata mara moja kuiona kazi yake. "Anaisifia kwa chini," aliniambia siku moja, "kama mtu anayesifia chakula kwa harufu." Alicheka, lakini mimi mdogo wake nilijua limemuuma.

Mwaka 2012 alianza kupata kizunguzungu, na daktari akampiga marufuku kupanda. Alikaa nyumbani akikagua dari kwa macho, mpaka wifi akasema bora amkague yeye. Binti yao wa kwanza, fundi simu, ndipo alipomletea mashine ya gemu na mchezo wa kwanza kati ya sita inayomhusu mjumbe wa siri anayepita juu ya mapaa ya miji ya kale, akiwakwepa askari wa wafalme. Kila mchezo una mji wake na karne yake. Sisi tulidhani atauchoka ndani ya wiki. Thubutu!

Wenzake hucheza ili washinde vita. Kaka alikuwa akikagua vigae. Askari wanamjia na mapanga, wajukuu wanapiga kelele, "Babu, nyuma yako!", naye anajibu, "Asubiri, naangalia kona hii wameifungaje." Aliuawa mara nyingi kwa njia hiyo, na hakuona aibu. Mchezo unamruhusu mjumbe kuruka kutoka juu na kuangukia turubai la muuza matunda. Kaka hakuruka hata siku moja. Alimteremsha mjumbe wake ukutani taratibu, askari wakimngoja chini.

Wa pili aliupenda kuliko yote, ule wa mji wa mifereji. Alisema waliouchora waliwahi kupanda paa, hawakuhadithiwa. Wa nne aliudharau hadi kufa, kwani mapaa yake ni bapa na mvua inanyesha. Aliniambia kuwa shuleni walimwonyesha wafalme tu, lakini kwenye mchezo aliona moshi wa jikoni ulikotokea, nguo zilikoanikwa, na mahali fundi alipokaa kupumzika.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa mishipa ya fahamu, ulioanzia kwenye vidole. Mchezo wa sita ulipotoka, ule wenye mnara mrefu kuliko yote, hakuweza tena kubonyeza kitu. Wajukuu walijitolea, lakini wao ni watu wa kurukaruka, na kaka alifumba macho kwa uchungu. Hapo wifi akafuta mikono kwenye kanga yake, akasema, "Nipeni mimi hiyo rimoti."

Jamani, tulicheka. Aliwagonga wapita njia akawaomba radhi kwa sauti: "Samahani, baba." Alimtumbukiza mjumbe mtoni siku nzima. Alipofika ghorofa ya pili alishikwa na kizunguzungu cha kweli, akashuka kitini akakaa sakafuni. Kaka hakumharakisha. "Usitazame chini, mama. Tazama pa kushika." Kila alasiri baada ya chai walipanda kidogo, na kila alasiri sauti ya kaka ilizidi kufifia. Sote tulijua wanakimbizana na nini, ingawa hakuna aliyekitaja.

Jumapili ya tarehe 7 Mei 2023 walifika kileleni. Mji wote ulikuwa chini yao. Wifi alitetemeka, lakini macho aliyafumbua.

"Kumbe ndivyo kulivyo huku," akasema.

"Ndivyo kulivyo," kaka akajibu. "Miaka yote hii nilitaka uone."

Wifi akamuuliza kama amshushe mjumbe. Kaka akasema, "Mwache kwanza. Tukae." Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwake. Aliaga dunia Jumanne tarehe 9 Mei, adhuhuri, mkewe akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, mimi dada yake na mdogo wetu wa mwisho, pamoja na mafundi wengi aliowalea. Mjumbe bado yuko juu ya mnara. Wajukuu wameomba waendelee kucheza, na bibi yao amekataa.

Ndugu mtakaoshika kamba, wifi ana ombi moja, naye ameniomba nilisome kama alivyolisema: "Msiwe na haraka. Mshusheni taratibu, kama alivyowafundisha. Huyu hakuwahi kuruka."

Pumzika kwa amani, kaka. Tumekushika.